Skrini Isiyolala na Vitambaa vya Bi Mgeni

Saa nane mchana, Ilala. Watoto kumi na wanne wamelala kwenye magodoro yaliyopangwa sakafuni, na katikati yao, juu ya mkeka, ameketi fundi wa kompyuta Sabaha Nambunga, viatu mkononi, macho kwenye skrini iliyozima.

Anaitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyesinzia sasa hivi. Hasogei. Mapazia ya kijani yameshushwa, na mwanga unaopenya umekifanya chumba kizima kiwe kama kimezama chini ya maji. Feni ya kusimama kwenye kona inageuza shingo taratibu, inawapepea watoto mmoja mmoja, inarudi. Mwandishi wa makala haya, aliyekubali sahani ya wali maharage ya kituo kabla ya kuanza kazi, anajifinya paja asilale.

"Ikibaki hivi mpaka watoto waamke wenyewe, tumemaliza," Sabaha ananong'ona.

Nje, wauza mitumba wa Mchikichini wananadi nguo, lakini sauti zao zinafika humu zikiwa zimeshachoka. Mtoto mmoja anatafuna hewa usingizini. Mwingine anacheka na ndoto yake.

Kisha skrini inawaka.

Hakuna aliyeigusa. Inawaka tu, na kuonyesha ukurasa ule wa kuingilia, wenye jina la mwenye kituo na nafasi ya kuandika neno la siri. Mwanga wake unapita kwenye matundu ya kitambaa cha kufuma kilichoifunika na kutupa darini maua makubwa meupe, yanayotikisika polepole.

Amira, mtoto wa miaka miwili na nusu, anafumbua macho. Halii. Ananyoosha mkono juu kama anayetaka kuchuma.

"Maua!" anasema, kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake stendi.

Jirani yake anaamka, na huyo analia. Wa tatu hajui analilia nini, ila hataki kupitwa. Muda si mrefu chumba kizima kiko macho, na Leticia Komba, mwenye kituo hiki cha kulelea watoto, amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Umeona, fundi? Ndiyo hiyo. Wiki ya tatu sasa. Kompyuta yako ina mashetani."

"Haina, dada Leti. Kuna kitu kinaiamsha."

"Basi hicho kitu kitafute. Kiwe shetani, kiwe waya, kitoke humu ndani."

Msomaji atauliza kwa nini isizimwe tu. Leticia naye alijiuliza. Lakini katika kituo chake mtoto hatoki mpaka picha ya mtu aliyeruhusiwa kumchukua iangaliwe kwenye kompyuta, na mama wa sokoni anaweza kuingia wakati wowote. Mashine yenyewe ni ya zamani, mtumba kutoka ng'ambo. Ikizimwa, kuiwasha tena ni kazi ya kunywa chai nzima. Kitufe cha kuzimia skrini kilifika bandarini kikiwa kimeng'oka. Siku Leticia alipopandwa na hasira akachomoa waya ukutani, picha hizo nusura zipotee zote, na Sabaha akamwomba sana asirudie.

Leticia akajaribu kuigeuzia ukutani. Maua yakahamia ukutani.

"Mtoto asipolala mchana, jioni mama yake anakabidhiwa simba," anasema Leticia. "Na huyo mama ameshinda juani anauza nguo. Wawili wameshaniambia watawahamisha watoto wao. Sasa mimi nichague nini, kompyuta au watoto?"

Amempa Sabaha siku ya leo tu. Ikishindikana, mashine inarudi kwake Kariakoo.

Sabaha ana miaka thelathini na mitatu. Karakana yake iko ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, juu ya maduka ya vyombo na mapazia. Ni chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Feni haina nafasi. Joto likizidi, anajipepea kwa kipande cha boksi.

Ananunua kompyuta zilizokwisha kutumika zinazoshushwa bandarini, ambazo zamani zilikaa kwenye ofisi za mbali asizozijua. Anazifungua, anazitoa vumbi, anabadilisha vilivyokufa, kisha anaziwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaogawiwa bure. Moja huiuza shilingi laki mbili na nusu, ikiwa nzuri sana laki tatu. Mwezi mwema anauza tano. Mwezi mbaya anamsalimia mwenye jengo kwa mbali.

"Huwa najiuliza hizi mashine zimeona nini," anasema. "Nyingine ukiifungua unakuta mchanga. Unakuta unywele wa mtu. Nikiiwasha ikakubali, nasema haya, karibu Bongo."

Kazi aliianzia dukani kwa Tushar, mfanyabiashara wa vifaa vya kompyuta, alikoajiriwa kufagia na kufunga mizigo.

"Ufagio ulikuwa unasimama, macho yapo kwenye skrini," Tushar anakumbuka, akicheka mpaka anavua miwani. "Kila siku swali, boss hii ni nini, boss hii kwa nini. Mwisho nikampa mashine mbovu moja ili anyamaze. Akairudisha inafanya kazi, na maswali mapya."

Hata hivyo, kilichozitangaza kompyuta za Sabaha si Linux. Ni vitambaa.

Kila mashine inatoka na seti yake iliyofumwa kwa mkono: kikubwa cha kufunikia skrini, cha kati cha kufunikia sipiyu, na kidogo cha duara, chenye nyuzi zinazoning'inia pembeni, cha kuwekea mausi. Katika nyumba nyingi za mjini redio ina kitambaa chake na friji ina chake. Wateja wakaona kompyuta nayo imepewa heshima kama ndugu wengine wa sebuleni.

Anayevifuma ni mama yake, Bi Mgeni, mwenyeji wa Newala aliyekuja Dar akiwa msichana. Alikuwa mpishi wa shule. Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimwangusha jikoni, na mkono wa kulia ukabaki umelala pajani kama si wake. Hospitali walimpa mpira mdogo wa kuminya. Aliutupa uvunguni.

"Alisema yeye si mtoto wa kuchezea mpira," anasimulia Sabaha. "Akawa anakaa anatazama ukuta. Mama yangu, aliyekuwa akipikia shule nzima, anatazama ukuta. Niliumia sana."

Jirani mmoja akamletea uzi na sindano ya kufumia. Kitambaa cha kwanza kilitoka kimepinda upande. Sabaha akakiweka juu ya kompyuta ya mteja ili kumfurahisha mama, basi. Mteja akauliza kama kuna kingine. Tangu siku hiyo Bi Mgeni ana kazi, vidole vimerudi kidogo kidogo, na swali lake la kila jioni ni lile lile: leo zimetoka ngapi?

"Ile kazi ndiyo dawa yake," anasema Sabaha. "Akija kusikia vitambaa havitakiwi, naogopa mkono utalala tena. Na yeye atarudi kwenye ukuta."

Chumbani, watoto wanabembelezwa upya. Leticia anapita akiwapigapiga migongo, anaimba kitu kisicho na maneno, na mmoja baada ya mwingine wanazama. Sabaha anakwenda kwenye meza kwa magoti.

Kosa la kwanza alilipata asubuhi. Leticia alishaiagiza kompyuta izime skrini ikikaa bila kuguswa, nayo ilitii, lakini ni pale tu alipokuwa ameingia kwa neno lake la siri. Akishatoka ili watoto wasichezee, ukurasa wa kuingilia ulibaki ukiwaka mchana kutwa.

"Ule ukurasa una mipango yake yenyewe," Sabaha anaeleza kwa sauti ya chini. "Chukulia nyumba yenye mlinzi getini. Mama mwenye nyumba amewaambia wa ndani wazime taa. Mlinzi hajaambiwa na mtu, kwa hiyo taa yake inawaka tu. Huwezi kumlaumu."

Alifungua dirisha jeusi la maandishi na kumwandikia huyo mlinzi maagizo yake. Skrini ikaanza kuzima. Kilichobaki ni huku kuamka kwake.

Sasa anaondoa mtuhumiwa mmoja mmoja. Anachomoa waya wa intaneti: skrini inazima, baadaye inawaka. Anachomoa kibodi: inazima, inawaka. Anachomoa mausi.

Giza linakaa. Linakaa mpaka Leticia anachungulia mlangoni na kuinua kidole gumba.

"Mausi mbovu?"

Sabaha anatoa nyingine mkobani, mpya, na kuiweka pale pale. Wanangoja. Feni inakwenda na kurudi, na kope za kila mtu mle ndani zinakuwa nzito, mwandishi akiwa wa kwanza. Kisha maua yanarudi darini. Amira, ambaye hakulala tena, alikuwa amejilaza chali akiyasubiri, na anayapokea kwa tabasamu.

Sabaha anaishiwa nguvu. Meza ni ya watoto, fupi, naye anaweka shavu juu yake kama mwanafunzi aliyechoka kipindi cha mwisho. Ni hapo anapoiona mausi kwa ubavu, na mwanga mwekundu unaochungulia tumboni mwake kupitia matundu ya kitambaa cha duara.

Feni inageuka na upepo unafika mezani. Hakuna kitu. Inageuka tena. Mara ya nne au ya tano, nyuzi za pembeni zinainuka, kitambaa kinavimba na kuteleza kidogo chini ya mausi, na skrini inawaka.

Mausi haina macho juu. Jicho lake liko tumboni na linachotazama ni meza. Kilicho chini yake kikisogea, inaamini yenyewe ndiyo iliyosogezwa na mkono wa mtu, na kompyuta inaamka kwa adabu kumpokea mtu huyo. Kule Narung'ombe hakuna feni. Ndiyo maana Sabaha hakuwahi kuliona jambo hili.

Anainua mausi, anakivuta kitambaa, anakikunja na kukiweka mkobani. Mausi anaiweka juu ya mbao tupu. Skrini inazima, na safari hii feni inapita inavyotaka.

Watoto wanalala mpaka wanaamka wenyewe, mashavu yamechorwa mikunjo ya shuka, kila mmoja akitazama dunia kana kwamba ndiyo kwanza anaikuta. Leticia anashusha pumzi ya wiki tatu.

"Kompyuta inabaki," anasema. "Sasa niambie, ilikuwa nini?"

"Mausi tu, dada Leti. Ilikaa vibaya."

"Vibaya vipi? Kesho nikiikalisha vibaya tena je?"

Sabaha anakazana kufunga zipu ya mkoba. Leticia anamtazama, anataka kuuliza zaidi, lakini mtoto mmoja anataka chooni na mwingine amevaa kiatu cha mwenzake.

Njiani kurudi nyumbani, mitaa michache kutoka hapo, fundi ambaye asubuhi alikuwa na maneno mengi anatembea mbele ya mwandishi, mkoba kifuani. Anapita kwenye karakana za mageti na mafundi viatu bila kumsalimia mtu. Mwisho anasimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Ameuliza sawa," anasema. "Na hayuko peke yake. Kila niliyemuuzia ana kile kitambaa kidogo, na Dar nani hana feni? Nikikaa kimya, kompyuta zangu zitakuwa zinaamka ovyo na watu wataziita za mashetani. Nikisema, nimekwenda kumwambia mama yangu kazi ya mikono yake ndiyo mbovu."

Anafuta macho kwa mtandio. "Bora ingekuwa waya."

Bi Mgeni yuko barazani, mguu mmoja ameunyoosha, kikapu cha uzi ubavuni. Ni mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita watoto kutoka uwanjani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Huyu ndiye wa gazeti? Mbona ana usingizi?"

Chai ya tangawizi inaletwa. Jua limelegea, na uzi mweupe unapita kwenye vidole vya Bi Mgeni pasipo haraka, unaingia, unatoka, mpaka mtu anayetazama anasahau alichofuata. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia bado kizito kidogo. Vingine vinakisubiri, kisha vyote vinaendelea pamoja.

"Leo zimetoka ngapi?"

"Haijatoka hata moja, mama," Sabaha anajibu. "Kuna moja ilitaka kurudi."

Sindano inasimama.

Sabaha anaanza na mlinzi wa getini, anazunguka kwenye waya wa intaneti, anapitia kibodi. Mama yake anamsikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayejua kuwa bado hajaambiwa. Mwisho binti anafungua mkoba na kumwekea kitambaa cha duara mapajani.

"Ni hiki, mama. Feni ikikipepea kinasogea. Mausi inadhani ni mtu. Skrini inawaka, watoto wanaamka. Naomba unisamehe."

Mwandishi anajikuta anachunguza kikombe chake kwa umakini usio na sababu.

Bi Mgeni anakichukua kitambaa. Anakitandaza juu ya saruji ya baraza, anainama kwa shida, anapuliza. Ukingo unainuka. Anapuliza tena, kwa nguvu, na kitambaa kinatambaa kidogo kuelekea ndoo ya maji.

"Kweli," anasema. "Hiki chepesi. Nilitumia uzi mwembamba nikidhani nabana matumizi. Na hizi nyuzi za pembeni ni mbwembwe zangu tu." Anainua uso. "Kuna wengine waliolalamika?"

Sabaha anakoroga chai yake.

"Nakuuliza, Sabaha."

"Mmoja alisema nyuzi zinanasa kwenye kibodi. Mwingine alisema kile cha sipiyu kinaziba matundu ya hewa, mashine inachemka. Nilikuwa navipunguza mwenyewe kabla ya kuvitoa. Kwa mkasi."

"Kwa mkasi! Vitambaa vyangu!"

"Sikutaka uumie, mama."

Kuku wa jirani anapita, anatazama, anaona si mahali pake.

"Nimepika shuleni miaka mingi," Bi Mgeni anasema hatimaye. "Watoto wale hawakuwa na huruma. Mama, maharage hayajaiva. Mama, ugali una madonge. Sahani zinarudi mbele ya watu. Nilikuwa nakasirika, usiku silali, na kesho yake narekebisha. Tangu niugue, hakuna hata mmoja aliyenirudishia kitu. Kila nikifuma, mama vimependeza, mama hongera. Nikajua hawa wananipa pole. Asiyeambiwa kosa lake ni mgonjwa."

Anajifuta macho kwa ncha ya kanga, kwa ule mkono wa kulia, na kicheko kinamtoka humo humo kwenye machozi.

"Leo kuna mtu amerudisha sahani, mwanangu. Kumbe nina kazi kweli."

Sabaha analia wazi, kama watoto wa mchana ule, na mama yake anamwacha alie. Mwandishi naye, kwa kuwa ukweli ni bora usemwe, hakuwa na hali nzuri.

Baadaye, chai ya pili ikimiminwa, Sabaha anaeleza mpango ambao hajawahi kuutamka mbele ya mama yake. Kuna chumba cha chini kwenye jengo la Narung'ombe, upande wa uani, kinachotazamiwa kuachwa wazi baada ya masika. Kodi yake ni zaidi ya mara mbili ya ile anayolipa sasa, na ameshaanza kuweka akiba. Hakina ngazi hata moja. Anataka kuweka meza mbili, moja ya kompyuta, nyingine ya mama.

"Ili mteja akiwa na neno la kitambaa, amwambie mwenyewe," anasema. "Mimi sitakuwa katikati tena."

Bi Mgeni anaitikia kwa kichwa tu, kwa sababu ameshaanza. Ameutafuta mwisho wa uzi kwenye kitambaa cha duara, ameukamata kwa vidole vya mkono wa kulia, na anaufumua, mzunguko baada ya mzunguko.

"Kesho, saa zile za watoto kulala, unipeleke kwa huyo Leticia," anasema bila kuinua kichwa. "Mwambie fundi wa vitambaa anakuja kusikiliza lawama zake. Zote. Asinifiche hata moja."